Gharama za Maisha kwa Kila Tabaka Mchezoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wachezaji na wasimulizi wa Kigoma, Ujiji na Tabora wanaocheza Dungeons & Dragons kwa Kiswahili, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake na msimulizi huongoza kisa. Tunauchezea katika mji wa kubuni wenye bandari kando ya ziwa. Bei za kanuni za toleo la 2014 tumeziacha zilivyo. Zile tulizoongeza wenyewe tumesema wazi kuwa ni zetu, ili ukienda kucheza meza nyingine usije ukabishana na msimulizi wa watu.

Sarafu zinabadilishanaje?

Shaba 10 ni fedha 1. Fedha 10 ni dhahabu 1. Dhahabu 10 ni platinamu 1. Ipo pia elektramu yenye thamani ya fedha 5, ila inachanganya watu bila faida, kwa hiyo hatuitumii. Katika ukurasa huu neno "fedha" ni ile sarafu tu. Mengine yote tunaita pesa.

Uzito nao usisahaulike. Sarafu 50 za aina yoyote zina uzito wa ratili 1, yaani kama gramu 450. Mtu akikuta hazina ya shaba 10,000 amekuta ratili 200, mzigo wa watu watatu, na thamani yake ni dhahabu 100 tu.

Matabaka ni mangapi, na kila moja linagharimu kiasi gani?

Ni saba. Majina tumeyachagua sisi, hesabu ni ya kanuni. Ni kwa mtu mmoja kwa siku moja, na kwenye mabano ni mwezi wa siku 30:

Hohehahe: halipi chochote.
Fukara: fedha 1 (dhahabu 3).
Kabwela: fedha 2 (dhahabu 6).
Wa kawaida: dhahabu 1 (30).
Mwenye nafasi: dhahabu 2 (60).
Tajiri: dhahabu 4 (120).
Mwinyi: dhahabu 10 kwenda juu (300 au zaidi).

Tazama pengo lilipo. Kutoka kabwela hadi wa kawaida gharama inaruka mara tano. Kutoka wa kawaida hadi mwenye nafasi ni mara mbili tu. Ukuta mkubwa wa mji huu umejengwa hapo, kati ya fedha 2 na dhahabu 1, na msimulizi anayetaka visa vya kweli aweke watu wake pande mbili za ukuta huo.

Gharama hiyo inabeba nini na haibebi nini?

Inabeba malazi, chakula, kinywaji, usafi, nguo za kuvaa kila siku na matunzo ya vifaa: kunoa panga, kupaka mafuta ngozi, kushona palipochanika. Haibebi silaha mpya, dawa, ujira wa watu uliowaajiri, nauli ya chombo wala hongo ya njiani, yaani ushuru wa kupita unaodaiwa na watemi.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kulipisha mara mbili. Msimulizi anatoza dhahabu 1 ya maisha, halafu mhusika akifika nyumba ya wageni anatozwa tena fedha 5 za chumba na fedha 3 za chakula. Hizo fedha 8 tayari zimo ndani ya ile dhahabu 1. Chagua njia moja. Ukikaa mjini wiki nzima, tumia gharama ya tabaka. Ukilala usiku mmoja na kuondoka, tumia bei ya chumba na chakula.

Kibarua analipwa fedha 2 kwa siku. Mbona habaki na kitu?

Kwa sababu maisha ya kabwela nayo ni fedha 2. Hapo ndipo kanuni inaposema jambo zito kwa namba mbili tu, na wachezaji wengi wanalipita bila kuliona.

Tumevunja shaba zake 20 moja moja. Kulala ni shaba 10. Chakula ni shaba 6, na kwa bei zetu shaba hizo sita zinakuwa hivi: unga wa muhogo ratili moja, shaba 2, dagaa robo ratili, shaba 1, mawese na chumvi ya kubana, shaba 1, kuni na maji, shaba 2. Zimebaki shaba 4. Kikombe kimoja cha pombe ni shaba 4. Akinywa kimoja jioni, siku imekwisha na mfuko hauna kitu.

Asipokunywa? Nguo ya kawaida ni fedha 5, yaani shaba 50. Atahitaji siku kumi na tatu bila kuugua, bila mgeni na bila mvua ya kuzuia kazi ndipo abadili nguo. Chupa moja ya dawa ya kuponya majeraha ni dhahabu 50, sawa na ujira wa siku 250. Deraya kamili ya chuma ni dhahabu 1,500, sawa na siku 7,500: zaidi ya miaka ishirini ya kubeba magunia. Mhusika wako anapopita sokoni amevaa hiyo deraya, wanaomwangalia wanaona maisha ya mtu mzima yanatembea. Msimulizi na aonyeshe hilo. Watu wakae kimya anapopita, mtoto amguse kidogo bega, mchuuzi apandishe bei palepale.

Na fundi?

Mwenye ujuzi analipwa dhahabu 2 kwa siku, kwa hiyo akiwa peke yake anaishi kama mwenye nafasi. Akiwa na familia hesabu inageuka.

Familia inahesabiwaje?

Kanuni inahesabu mtu mmoja tu. Yetu ni hii: mwenzi wa ndoa au mzazi anayekutegemea ni nusu ya gharama, mtoto ni robo.

Fundi mwenye mke na watoto wawili, wakiishi maisha ya kawaida: dhahabu 1, na nusu, na robo, na robo. Jumla dhahabu 2, ujira wake wote. Kibarua mwenye familia kama hiyo anahitaji fedha 4 kwa maisha ya kabwela, na yeye ana 2. Akifanya kazi peke yake, familia nzima inashuka kuwa fukara, na hapo ndipo fedha 2 zinapotosha kamili. Mke akichuuza samaki au akikamua mawese na kuleta fedha 2 nyingine, wanapanda kuwa makabwela. Ndiyo maana katika mji wetu nyumba za daraja hilo hazina mtu mzima anayeshinda amekaa.

Kuna la pili ambalo kanuni hazikuliwaza, nalo ni michango. Mhusika akifika tabaka la mwenye nafasi kwenda juu, ndugu wanajua. Kila mwezi arushe dadu ya pande sita. Ikitoka 1, kuna msiba au harusi, na mchango unaompasa ni gharama yake ya siku tatu. Akikataa kutoa, kwa mwezi mzima kila jaribio la ushawishi (kurusha dadu ya pande 20) mbele ya watu wa ukoo au mtaa wake lirushwe mara mbili na ichukuliwe namba ya chini. Tajiri anayehesabiwa dhahabu 12 kwa msiba mmoja analalamika. Msimulizi asimwonee huruma.

Bei za vyakula vya kwetu ni zipi?

Kanuni ina bei chache za mali ya biashara ambazo tumezishika kama nguzo: ngano shaba 1 kwa ratili, unga shaba 2, chumvi shaba 5, mbuzi dhahabu 1, kondoo dhahabu 2, nguruwe 3, ng'ombe wa maziwa 10, maksai 15. Karafuu ni dhahabu 3 kwa ratili.

Zetu tulizoongeza: ulezi na mtama shaba 1 kwa ratili, unga wa muhogo shaba 2, dagaa wakavu shaba 4, mgebuka mmoja mbichi (samaki wa Ziwa Tanganyika) shaba 3, mawese kibuyu kidogo shaba 8, asali ya miyombo fedha 2 kwa ratili inapofika bandarini, nusu ya hapo ukiinunua upande wa Tabora inakorinwa.

Chumvi tunaibadili kwa msimu. Uvinza chumvi ilikuwa ikipatikana kwa kuchemsha maji ya chemchemi za chumvi, na kazi hiyo ilifanywa kiangazi, kwa sababu mvua ikinyesha maji ya chumvi yanazimuliwa. Basi mchezoni weka shaba 5 wakati wa kiangazi na shaba 8 masika. Mchezaji mwenye akili atanunua mwezi wa nane na kuuza mwezi wa tatu. Mwache apate faida yake, kisha mwulize mzigo aliuhifadhi wapi, maana chumvi huvuta unyevu na gunia likilowa anapoteza robo.

Kuku shaba 2? Kweli?

Ndivyo kanuni inavyosema, na hapo tunatofautiana nayo. Kwa bei hiyo kibarua ananunua kuku kumi kwa ujira wa siku moja. Hilo halipo Mwanga ya mjini Kigoma wala Ujiji, na likiwepo mchezoni hakuna sababu ya mtu yeyote kula dagaa. Kwetu kuku ni fedha 2, siku nzima ya kazi ya kibarua, ili mgeni anayechinjiwa ajue amepewa nini.

Je, tulinganishe bei hizi na shilingi za leo?

Hapana. Uwiano hauendi pamoja, kama kuku alivyoonyesha. Pima kila bei kwa siku za kazi za kibarua, utaelewa mara moja kama ni nafuu au ghali.

Mvuvi wa dagaa anaishije mwezi mzima?

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti tena. Kwa hiyo karibu na mwezi mpevu mitumbwi inapumzika. Tukichukua usiku 20 wa kazi na 10 wa kukaa, mvuvi anayepata fedha 2 kwa usiku ana fedha 40 kwa mwezi, wakati maisha ya kabwela yanadai 60. Anapungukiwa fedha 20. Ukitaka aishi kama kibarua wa bandarini, mlipe fedha 3 kwa usiku wa kazi.

Tunashauri msimulizi awe na kalenda ya mwezi mezani. Daftari lenye mistari 30 linatosha. Siku za giza dagaa shaba 4, mbalamwezi shaba 6. Zile siku kumi mvuvi hukopa, na anayemkopesha ndiye mwenye chombo. Ukitafuta mtu wa kumshawishi akuvushe ziwa kwa siri, nenda siku ya saba ya mbalamwezi, si ya kwanza.

Tunaajiri wapagazi. Msafara unagharimu kiasi gani?

Hapa ndipo vikundi vingi hufilisika, kwa hiyo tulieni tuhesabu.

Chukua wapagazi 10 kwa siku 20. Kutoka Tabora hadi ziwani ni kama kilomita 400, na msafara wenye mizigo ukienda kilomita 20 kwa siku utafika ndani ya siku hizo. Kanuni inamruhusu mtembezi kama kilomita 38 kwa siku, lakini hiyo si kwa mtu aliyebeba mzigo kichwani wiki tatu mfululizo. Ujira: fedha 2 mara 10 mara 20, jumla fedha 400, yaani dhahabu 40.

Chakula sasa. Mkinunua posho ya safari iliyofungwa tayari, ni fedha 5 kwa mtu kwa siku. Kwa wapagazi hao ni dhahabu 100, zaidi ya mara mbili ya ujira wao! Posho ile ni chakula kikavu cha wapiganaji wanaosafiri wepesi. Hakuna msafara unaojilisha hivyo. Misafara ya karne ya 19 ilipima posho kwa kibaba, kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, kama ratili moja na nusu. Kwa watu 10 na siku 20 ni ratili 300 za mtama: shaba 300, dhahabu 3 tu.

Lakini ratili 300 zina uzito. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama ratili 70, kwa hiyo mtahitaji watu watano wa kubeba chakula peke yake, na bidhaa zenu zimebaki na watano. Suluhisho ni kubeba posho ya siku tano, ratili 75, mzigo wa mtu mmoja na kidogo, na kununua tena vijijini. Hapo ndipo mchezo unapoanza: kijiji kikiwa na njaa, au mtemi akikataza watu wake kuuza mpaka hongo ilipwe, mna siku tano tu.

Mpagazi asipokula, kanuni inampa siku tatu pamoja na nyongeza ya uimara wake wa mwili; baada ya hapo kila siku anaongezeka daraja moja la uchovu. Ukimpa nusu ratili kwa siku, inahesabiwa kama nusu siku ya njaa. Na mpagazi mwenye nguvu 10 akibeba ratili 70, ukitumia kanuni ya hiari ya mizigo, amepita kikomo chake cha ratili 50, kwa hiyo mwendo wake unapungua kwa futi 10. Simba akitokea, atatupa mzigo kwanza. Yuko sahihi kufanya hivyo.

Mhusika wangu ana dhahabu 800. Kwa nini nijali dhahabu 1 ya siku?

Kwa sababu hununui chakula tu, unanunua anayekufungulia mlango. Ukiishi kama kabwela unasikia habari za bandarini: chombo gani kimeingia usiku, nani ametoweka. Ukiishi kama tajiri unasikia bei ya pembe na jina la anayetaka kupindua baraza. Sisi tunampa mchezaji haki ya kurusha dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua namba ya juu anapotafuta habari kwa watu wa tabaka analoishi kwa wiki hiyo. Akivuka tabaka mbili juu au chini anarusha mara mbili na kuchukua ya chini. Tangu hapo hakuna anayechagua tabaka kwa kutazama mfuko peke yake.

Naweza kujifanya tajiri?

Unaweza. Nguo za kifahari ni dhahabu 15, chumba cha kitajiri dhahabu 2 kwa usiku, chakula fedha 8 kwa siku. Siku tatu zitakugharimu dhahabu 23 na fedha 4. Kinachomfichua mtu ni mikono na watumishi: mtu wa hadhi hiyo habebi mzigo wake. Ajiri kibarua kwa fedha 2 akutangulie.

Kuna njia ya kuishi bila kulipa?

Zipo tatu za halali. Ya kwanza ni kazi: ukifanya kazi yako katika siku za mapumziko kati ya safari na safari unapata maisha ya kawaida bure. Ukiwa mwanachama wa chama cha mafundi kinachokupa ajira, maisha ya mwenye nafasi. Ukiwa na ujuzi wa utumbuizaji na ukautumia, maisha ya kitajiri. Wapiga zeze, sikieni hilo.

Ya pili ni kutengeneza vitu. Unasonga kwa thamani ya dhahabu 5 kwa siku, malighafi ni nusu ya bei, na muda huo maisha ya kawaida hayakugharimu kitu. Chombo kidogo cha makasia ni dhahabu 50, kwa hiyo seremala mmoja anakimaliza kwa siku 10 akiwa ametoa dhahabu 25 za mbao. Wakiwa wawili wenye ujuzi na zana, siku 5.

Ya tatu ni porini. Mwenye ujuzi wa kuishi porini anaishi kwa kiwango cha mwenye nafasi bila sarafu hata moja, ila siku nzima imeishia kwenye kuwinda na kuchuma. Hana muda wa jambo jingine.

Fukara na hohehahe wanapata madhara gani?

Kanuni inaeleza wadudu, maradhi na ukatili, ila haitoi namba. Tumeweka hii: kila wiki fukara arushe jaribio la uimara wa mwili, kipimo (namba ya kufikia) cha 10, hohehahe kipimo cha 13. Akishindwa anaugua siku kadiri ya dadu ya pande nne na hapati ujira. Fukara anayekosa ujira siku tatu hana pa kulala, amekuwa hohehahe. Mporomoko huo ni wa haraka, nasi tumeuacha hivyo kwa makusudi.

Tunaweza kutumia shanga na nguo badala ya sarafu?

Ndiyo, na tunapenda sana mkifanya hivyo. Soko la Ujiji katika karne ya 19 lilitumia shanga za sofi kama pesa, na bara misafara ililipa kwa nguo: shuka ya mikono minne (mkono ni kipimo cha kiwiko hadi ncha ya vidole), doti ya mikono minane, vitambaa vyenyewe vikiwa merikani na kaniki. Ili hesabu zisivurugike, fungeni viwango hivi vyetu: kete 20 za sofi ni fedha 1, shuka ya merikani ni fedha 8, doti ni dhahabu 1 na fedha 6. Mvunja pesa wa sokoni akupe kete 18 kwa fedha asubuhi, na jioni akudai 22 ukitaka fedha yako. Mgeni asiyejua ataumia kidogo kila siku, mpaka aulize.

Tuandikeje bila kupoteza kikao kizima kwenye hesabu?

Kila mchezaji atangaze tabaka mwanzoni mwa wiki au mwezi wa mchezo na alipe hapo hapo. Ndivyo kanuni inavyotaka. Mtu mmoja, si msimulizi, ashike daftari lenye safu nne: jina, tabaka, siku za mjini, siku za njiani. Siku za njiani hazitozwi gharama ya tabaka, zinatozwa posho. Mtu akiondoka katikati ya mwezi aliokwisha kulipia, harudishiwi. Mwenye nyumba ameshapangisha.